Tujue Desibeli, Tuyalinde Masikio Yetu



Tunapodurusu kwa sauti darasani, chumba kizima huvuma. Je, wanafunzi 20 wakisoma pamoja, tunasikia mara 20 ya mmoja? La. Nguvu ya sauti ni mara 20 kweli, lakini sikio halihesabu hivyo. Ndiyo maana wataalamu hupima sauti kwa desibeli, jina lililotokana na Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu.

Kanuni yake ni hii:

Ongezeko la desibeli = 10 × logi ya (nguvu mpya ÷ nguvu ya mwanzo)

Tuseme mwanafunzi mmoja anasoma kwa desibeli 60. Wakiwa wawili wenye sauti sawa, nguvu ni mara 2. Logi ya 2 ni kama 0.3, tukizidisha kwa 10 tunapata 3. Kwa hiyo kiwango ni 63, wala si 120. Wakiwa 10, logi ya 10 ni 1, basi tunaongeza 10 na kupata 70. Wakiwa 20, tunapata 73.

Hapa ndipo wengi wetu hudanganyika. Desibeli 3 tunaziona kidogo, kumbe nguvu inayopiga sikio imezidi maradufu! Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, hushauri mfanyakazi asizidishe masaa 8 kwa siku penye desibeli 85. Kila zikiongezeka 3, muda hukatwa nusu: 88 ni masaa 4, 91 masaa 2, 94 saa moja, 97 nusu saa, na 100 ni dakika 15 tu. Chembe za ndani ya sikio zikishakufa kwa kelele, hazioti tena.

Basi tufanyeje arusini penye spika kubwa? Tusogee mbali. Mahali pa wazi, umbali ukiwa mara mbili nguvu hubaki robo, yaani desibeli 6 hupungua. Aliye mita 2 kutoka kwenye spika akisikia 100, akienda mita 4 atasikia 94. Dakika zake 15 zimekuwa saa nzima! Na wanaovaa spika ndogo za masikioni, wapunguze sauti.

Luqmani alimuusia mwanawe ateremshe sauti yake. Nasi tuushike wasia huo.

Zoezi: Wanafunzi 40 watafikisha desibeli ngapi? (Jibu: 76.)