Bondi ya Kijani ni Nini, na Inamhusu Vipi Mtu wa Garsen?

Kwa wateja wetu wa Garsen, Hola na vijiji vya delta, mabadiliko ya tabianchi si habari ya redio tu. Ukame ulioanza 2020 ulimaliza mifugo. Kisha mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mto Tana ukafurika, ukabeba mashamba na kukata barabara. Miradi ya kukabiliana na hali hii inataka pesa nyingi, na njia moja ya kuzitafuta ni bondi ya kijani. Huenda umeshatumiwa ujumbe unaokuambia uwekeze kwenye "kijani" kupitia simu. Kabla hujabonyeza, tuelewane kwanza.

Bondi ni mkopo, na wewe ndiye unayekopesha

Serikali au kampuni inakopa kutoka kwa watu wengi, inalipa riba kwa tarehe zilizopangwa, na mwisho wa muda inarudisha pesa yote. Chukua M-Akiba, bondi ya serikali iliyouzwa kwa simu mwaka 2017 kuanzia shilingi 3,000, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Aliyeweka 3,000 alipata 150 kila miezi sita. Kwa miaka mitatu hiyo ni 900, pamoja na 3,000 yake.

M-Akiba haikuwa ya kijani, lakini hesabu ni ile ile. Tofauti ni kwamba kwa bondi ya kijani, anayekopa anaahidi kutumia pesa kwa miradi inayosaidia mazingira, na kutoa ripoti ya matumizi hayo.

Zimeanza kushika kasi

- 2019: Acorn ilikusanya shilingi bilioni 4.3 kujenga hosteli za wanafunzi zinazookoa maji na umeme. Hii ndiyo bondi ya kijani ya kwanza Kenya, na Januari 2020 iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi.
- 2023: Benki ya CRDB ya Tanzania ilitafuta shilingi bilioni 40 za huko, ikapata zaidi ya bilioni 170.
- 2024: Mamlaka ya maji ya Tanga iliuza bondi ya miaka 10 ya takriban shilingi bilioni 53 za Tanzania, kwa riba ya asilimia 13.5, ili kupanua huduma ya maji.

Mbona Tana River isifanye kama Tanga?

Swali zuri. Kwanza, Kifungu cha 212 cha Katiba kinasema kaunti inaweza kukopa tu ikiwa serikali ya kitaifa imedhamini mkopo huo na bunge la kaunti limeuidhinisha.

Pili, deni lazima lilipwe. Mamlaka ya Tanga inauza maji, na wateja wanalipa bili kila mwezi. Lakini tuta la kuzuia mafuriko halina mita. Linaokoa shamba la maembe na nyumba ya mtu, ila halimletei mkopeshaji shilingi. Ndiyo maana bondi inafaa zaidi kwa miradi yenye mapato, kama maji ya bomba au umeme wa jua. Matuta yanabaki kutegemea bajeti ya serikali na misaada.

Jiulize haya kabla ya kutuma pesa

1. Nani anakopa, na atalipa kwa nini? Neno "kijani" linaeleza pesa zinakoenda. Halikuhakikishii kwamba zitarudi.
2. Nani ameidhinisha? Bondi ya kampuni inayouzwa kwa umma Kenya lazima ipitie Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Za serikali hununuliwa Benki Kuu kupitia DhowCSD, na za kawaida huanzia shilingi 50,000.
3. Naweza kukaa bila pesa hii kwa miaka? Ukiuza bondi kabla ya muda, unaweza kupata chini ya ulichoweka. Pesa ya karo au ya mbegu usiifunge huko.

Bondi halali haikuahidi kukurudishia pesa maradufu kwa wiki moja, na haiuzwi kwa kutuma pesa kwa namba ya mtu binafsi. Ukipata ujumbe wa aina hiyo, huyo ni mkora. Usitume kitu, na usimpe mtu yeyote PIN yako, hata akisema anapiga simu kutoka kwetu.