Njia ya Mkojo na Njia ya Uzazi: Kuzitenganisha Darasani

Mwalimu mwanafunzi anapopangiwa kufundisha mifumo ya mwili, mara nyingi hulifundisha vizuri somo la upumuaji, hupita haraka katika somo la utoaji wa mkojo, na somo la uzazi huliahirisha mpaka muhula ukaisha. Makala haya yanaeleza kwa nini mifumo hii mitatu ifundishwe kwa kufuatana, na kwa nini miwili ya mwisho haina budi kutenganishwa waziwazi.

Wakati mmoja wa mazoezi ya kufundisha nilikaa nyuma ya darasa katika shule ya kijijini. Mwalimu mwanafunzi alikuwa amechora ubaoni figo mbili, kibofu na mrija mmoja. Mvulana mmoja akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, mvulana akikojoa damu, naye amevunja ungo?" Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akamwambia akae. Lakini swali lile halikuwa la mzaha. Katika sehemu mbalimbali za Afrika zenye kichocho, watu wamewahi kuidhani damu katika mkojo wa mvulana kuwa ni dalili ya kukua. Mtoto yule alitaka kutofautishiwa ugonjwa na ukuaji, na mchoro wa ubaoni haukuweza kumsaidia.

1. Kuanza na pumzi

Anza na upumuaji, kwa sababu hauna aibu. Wanafunzi wahesabu pumzi zao kwa dakika moja wakiwa wamekaa, kisha baada ya kukimbia kuzunguka uwanja. Watumie mrija kupuliza pumzi polepole ndani ya maji ya chokaa yaliyochujwa, bila kuyavuta mdomoni, waone yanavyogeuka kuwa kama maziwa. Hapo wataelewa kwamba hewa tunayoivuta ina oksijeni kiasi cha asilimia 21, na tunayoitoa ina kiasi cha asilimia 16. Kabonidayoksaidi nayo huongezeka kutoka chini ya asilimia moja hadi kama asilimia 4. Jambo kuu la kusisitiza ni hili: mwili hutengeneza taka, na taka hizo husafirishwa na damu mpaka kwenye kiungo cha kuzitoa. Mapafu hutoa taka ya hewa. Swali linalofuata huja lenyewe: taka inayoyeyuka majini hutolewa na nini?

2. Figo

Nunua figo ya mbuzi buchani, uipasue kwa urefu mbele ya darasa. Figo ya mbuzi ni laini kwa nje na umbo lake linafanana na la binadamu. Ya ng'ombe ina vinundu vingi, hivyo haifai sana kwa somo hili.

Walimu wengi huonyesha kazi ya figo kwa kuchuja maji yenye mchanga kwa kitambaa. Zana hiyo ni nzuri, lakini inaeleza nusu tu ya kazi. Ongeza chumvi katika maji hayo, uchuje tena. Mchanga utabaki, chumvi itapita. Figo pia huzuia chembe za damu zisipite, lakini maji, chumvi, sukari na taka hupita pamoja. Kisha hufanya kazi ya pili ambayo kitambaa hakiwezi: huvirudisha katika damu vile ambavyo mwili unavihitaji. Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja kiasi cha lita 180, yaani madumu tisa ya lita 20. Mkojo unaotoka ni kama lita moja na nusu. Panga madumu tisa matupu mbele ya darasa, na kando yake chupa moja ya lita moja na nusu. Wanafunzi wanaochota maji kila siku hawatahitaji maelezo marefu.

Kutoka kwenye figo, mkojo hushuka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu, na kutoka kibofuni hutoka nje kwa mrija mmoja.

3. Uzazi, kwa chaki za rangi mbili

Hapa ndipo mchoro mmoja usipotosha. Chora michoro miwili, wa mwanamume na wa mwanamke. Njia ya mkojo iwe ya buluu na njia ya uzazi iwe nyekundu.

Kwa mwanamke rangi hizo hazikutani popote. Mkojo una tundu lake dogo. Nyuma yake kuna uke, unaoelekea kwenye mji wa mimba. Na nyuma zaidi kuna njia ya haja kubwa. Damu ya hedhi hutoka katika mji wa mimba, wala haitoki kibofuni. Ni ukuta laini ulioandaliwa kupokea mimba, nao hubomoka mimba isipotungwa. Waeleze wasichana kwamba katika miaka ya mwanzo mzunguko unaweza kubadilikabadilika, na kwamba hilo si ugonjwa.

Kwa mwanamume rangi mbili hukutana chini kidogo ya kibofu, penye tezi dume. Kuanzia hapo mkojo na manii hutumia mrija mmoja, lakini kwa nyakati tofauti. Mvulana hana mji wa mimba, kwa hiyo hana hedhi. Damu katika mkojo wake haiwezi kuwa dalili ya kubalehe.

4. Kulijibu swali

Sasa swali la yule mvulana lina jibu. Kichocho cha mkojo huletwa na minyoo wanaoishi katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu. Mayai yao hutoboa ukuta wa kibofu, na damu huonekana hasa mwishoni mwa kukojoa. Mayai yakifika katika maji ya madimbwi au majaruba, viluwiluwi vyake huingia katika konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga au kuchota maji. Ugonjwa usipotibiwa huweza kuziba mirija ya figo na kuharibu kibofu. Kwa wasichana mayai huweza pia kujeruhi uke na mlango wa mji wa mimba. Ndiyo sababu nao wajue kutofautisha hedhi na damu ya mkojo. Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli. Inapogawiwa shuleni, kipimo chake hukadiriwa kwa urefu wa mtoto. Kazi ya mwalimu si kutibu. Ni kumsikiliza mtoto faraghani na kumpeleka kwa mganga wa zahanati.

5. Lugha

Atakayepangiwa Bisibo, au kijiji kingine cha Biharamulo na Ngara, atawakuta watoto wanaosema Kishubi, Kihangaza, Kizinza au Kisukuma nyumbani. Maneno ya sehemu za siri waliyoyasikia mara nyingi ni ya matusi au ya mafumbo. Kiswahili cha somo kiwape maneno safi: uke, uume, korodani, hedhi, mji wa mimba. Yaandike ubaoni, yasome kwa sauti ile ile uliyosomea "mapafu" na "figo". Kicheko kikizuka, ngoja kiishe, kisha endelea. Mwalimu asicheke nao, kwa maana mtoto aliyechekwa na mwalimu harudii swali.

Zoezi kwa wanachuo

(a) Chora michoro miwili kwa rangi mbili bila kutazama kitabu, kisha mweleze mwenzako mahali rangi zinapokutana.
(b) Andika jibu la sentensi tatu ambalo ungempa yule mvulana mbele ya darasa, na sentensi moja ambayo ungemwambia baadaye mkiwa wawili tu.