CHONGE ZA MTOTO MCHANGA SI UGONJWA



Askari aliye lindoni mbali na nyumbani huacha nyuma yake mke na watoto. Habari zinazomfikia kutoka mlimani, iwe Ryansoro huko Gitega au Muyinga karibu na mpaka wa Tanzania, mara nyingi ni fupi: mtoto ana homa, mtoto anaharisha, fizi zimevimba. Neno analolijibu baba laweza kumwokoa mtoto huyo au kumwangamiza.

Katika nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki wapo wazazi wanaoamini kwamba uvimbe mweupe uonekanao katika fizi za mtoto mchanga ni jino baya liletalo homa na kuhara. Watanzania huliita jino la nailoni au la plastiki, Waganda huita ebino, na nchini Rwanda husemwa ibyinyo. Mwaka 1969 mtaalamu wa maradhi ya kinywa kutoka Denmark, Jens Pindborg, aliandika juu ya desturi hiyo kama alivyoiona miongoni mwa Waacholi wa kaskazini ya Uganda. Mtoto hupelekwa kwa mganga, naye huupasua ufizi kwa kisu au kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa, akachokoa kitu laini cheupe na kuwaonyesha wazazi kwamba huyo ndiye mdudu aliyekuwa akimla mtoto.

Yafaa ieleweke kwamba kitu hicho si mdudu. Ni chonge ya mtoto ambayo haijakomaa. Chonge za utotoni hutokeza mtoto akiwa na umri wa miezi 16 hadi 22 hivi. Kabla ya hapo zimo ndani ya ufizi, zingali laini, nazo huufanya ufizi utune.

Kwa nini basi jino hushtakiwa? Ni kwa sababu ya wakati. Karibu na mwezi wa sita, meno ya kwanza yanapoanza kuota, ndipo mtoto aanzapo kula vyakula vingine, kutambaa, na kutia kinywani kila akiokotacho. Kinga aliyoipata kwa mama yake nayo imepungua. Uchafu ndio umharishao, lakini jino ndilo linaloonekana. Polisi mzoefu hamhukumu mtu kwa kuwa tu alikutwa karibu na nyumba iliyoibwa. Tena, kuhara kwingi hukoma kwenyewe baada ya siku chache, na sifa akapewa mganga.

Hasara yake ni kubwa. Mtoto aliyekwisha kudhoofika humwaga damu; jeraha huweza kuingiwa na vijidudu, hata pepopunda; na chombo kinachotumiwa kwa watoto wengi chaweza kuambukiza virusi vya UKIMWI. Jino la ukubwani lililo chini yake nalo huharibika. Wakati huohuo maji yanaendelea kumtoka mtoto, na hayo ndiyo yauayo.

Mtoto anayeharisha aendelee kunyonya, anyweshwe maji yenye chumvi maalumu za kurudisha maji mwilini, na apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Akitoa damu katika choo, akishindwa kunywa, au macho yakididimia, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Mwezi Mei 2006 serikali ya Burundi iliondoa malipo ya matibabu kwa watoto wasiotimiza miaka mitano, ili umaskini usiwe kizuizi.

Jino likishatokeza, hapana budi lilindwe. Kabla ya kuota, fizi zipanguswe kwa kitambaa safi. Baada ya kuota, utumike mswaki laini mara mbili kwa siku, na usiku usisahauliwe. Dawa ya meno yenye floraidi iwe kiasi cha punje ya mchele hadi mtoto atimize miaka mitatu, kisha kiasi cha punje ya njegere. Mtoto asilazwe na chupa ya chai ya sukari kinywani. Na baba arudiye likizoni na mfuko wa pipi akumbuke kwamba mapenzi hayo huyaozesha meno.

Meno ya utotoni ni 20, na kwa kawaida huwa yametimia mtoto afikapo miaka mitatu. Wasemao kwamba hayana maana kwa kuwa yatang'oka wamekosea, kwani ndiyo yanayoyashikia nafasi meno ya ukubwani. Karibu na mwaka wa sita magego ya kwanza ya kudumu huota nyuma yao pasipo jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hawatambui kwamba hayo hayatapata badala.

Mlinzi mwema humjua adui kabla ya kufyatua risasi. Katika kinywa cha mtoto adui ni uchafu na sukari. Basi kila askari na kila polisi apeleke ujumbe huu nyumbani leo, wala asingoje siku ya likizo: ufizi wa mtoto usipasuliwe.