Afya: Si kila mtoto anayeumwa koo anapaswa kupasuliwa amigdali

Mtoto akiumwa koo mara kwa mara, wazazi hujiuliza kama ni lazima aondolewe amigdali. Hizo ni nyama mbili ndogo nyuma ya kinywa, moja kila upande, zinazosaidia mwili kupigana na vijidudu. Wengine huziita tonsi ao mafindofindo.

Amigdali kuwa kubwa peke yake si sababu ya kupasua. Madaktari huangalia mambo mawili.

La kwanza ni pumzi. Mtoto anayekoroma kila usiku, pumzi ikikatika kidogo kisha anashtuka, na mchana anasinzia darasani, huenda amigdali zinaziba njia ya hewa.

La pili ni hesabu ya magonjwa: mara 7 ao zaidi ndani ya mwaka 1, mara 5 kila mwaka kwa miaka 2 mfululizo, ao mara 3 kila mwaka kwa miaka 3. Zinazohesabiwa ni zile alizopimwa na daktari ao muuguzi, kwa hiyo mzazi atunze karatasi za kituo cha afya. Chini ya hapo, mara nyingi ni bora kungoja, kwani watoto wengi hupata nafuu wakikua.

Upasuaji ni wa namna mbili. Kuondoa amigdali zote hufaa zaidi kwa mtoto anayeshikwa na ugonjwa kila mara. Kuondoa sehemu tu hufungua njia ya hewa na kuacha tabaka jembamba; maumivu na damu hupungua, lakini mara chache nyama hiyo huota tena.

Hatari kubwa ni kutoka damu, hasa ndani ya masaa 24 ya kwanza, na tena kati ya siku ya 5 na ya 10. Familia inayotoka kijiji cha mbali inashauriwa kubaki karibu na hospitali kwa siku hizo. Mtoto akitema damu mbichi, arudishwe mara moja, hata usiku.

Kukata kilimi kwa wembe nyumbani si tiba ya amigdali. Kilimi ni kiungo kingine, na jeraha hilo linaweza kuleta kutoka damu nyingi, pepopunda ao virusi vya UKIMWI.