Je, Wajua? Wakatoliki wa kwanza wa Uganda walibatizwa Jumamosi Kuu

Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans, wa shirika la Mapadre Weupe, walitua Kigungu, Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Machi 1880, Kwaresima ikifikia ukomo, Waganda wanne walibatizwa. Ilikuwa mapema mno! Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alitaka wakatekumeni wafundishwe miaka 4 kwanza.

Leo parokia za Kampala, kuanzia Kanisa Kuu la Lubaga, bado hutumia Kwaresima kuwaandaa wakatekumeni, huku Ijumaa waumini wakipiga magoti katika vituo 14 vya Njia ya Msalaba. Usiku wa Mkesha wa Pasaka, kila aliyebatizwa hukabidhiwa mshumaa uliowashwa kutoka ule wa Pasaka. Parokia yako ikibatiza watu wazima mwaka huu, nenda ukakeshe nao.