"Umewahi Kuugua?": Lugha ya Maswali ya Historia ya Afya katika Ombi la Leseni ya Silaha Mkoani Dodoma

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna maumbo ya Kiswahili yanavyoathiri ukweli wa majibu ya mwombaji wa leseni ya silaha anapoulizwa kuhusu historia ya afya yake. Kwa kurejelea mazingira ya Dodoma, yanabainisha kwamba swali moja huweza kubeba maswali matatu: tukio lililopita, hali ya sasa na utambulisho wa kijamii. Yanapendekeza maswali hayo yatenganishwe.

Utangulizi

Nchini Tanzania, umiliki wa silaha miongoni mwa raia husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Utimamu wa akili ni miongoni mwa masharti yake. Kwa kuwa ombi hupitia kwa viongozi wa mtaa au kijiji kabla ya kufika ngazi za juu za Polisi, suala la afya ya mwombaji huweza kujadiliwa kwa mdomo mbele ya watu wanaomfahamu. Katika uwanda wa kati, wengi wa watu hao hujifunza Kiswahili baada ya Kigogo, Kirangi, Kisandawe au Kiburunge.

Uzito wa jambo hili ni dhahiri. Jibu la uongo laweza kuingiza bunduki katika nyumba isiyo salama. Jibu la kweli lililoeleweka vibaya laweza kumnyima leseni mtu asiye na hatari yoyote, na kuwafundisha majirani zake kwamba ni afadhali kutokwenda kliniki.

Njeo na ukweli wa jibu

Mifano ifuatayo imeundwa kwa ajili ya ufafanuzi:

(1) a. Je, una ugonjwa wa akili?
b. Je, umewahi kuugua ugonjwa wa akili?
c. Je, wewe ni mtu mwenye akili timamu?

Katika (1a), *una* huulizia hali iliyopo wakati wa kuulizwa. Katika (1b), kitenzi kisaidizi *-wahi* hufungua maisha yote ya mwombaji, tangu utoto hadi siku ya ombi. Sentensi (1c) haiulizii ugonjwa. Huulizia hadhi ambayo sheria humpa mtu. Mwanamke aliyelazwa miaka 15 iliyopita kwa ugonjwa wa akili uliompata baada ya kujifungua, akatibiwa na kupona, atajibu "hapana" kwa (1a), "ndiyo" kwa (1b) na "ndiyo" kwa (1c). Majibu yote matatu ni ya kweli. Fomu yenye (1b) pekee humwonesha kuwa mgonjwa. Yenye (1a) pekee huificha historia ambayo daktari angepaswa kuipima.

Ukanushi nao una tofauti zake. Mtu mwenye kifafa kilichodhibitiwa anaweza kusema:

(2) a. Sijawahi kuanguka.
b. Sijaanguka tangu nianze dawa.
c. Sianguki.

Sentensi (2a) hukanusha historia nzima, na kwa mtu huyu ni uongo. Sentensi (2b) hukiri tukio, huweka mpaka wa wakati na kutaja matibabu. Sentensi (2c) hudai tabia ya kudumu na kuacha kutaja kinachoidumisha. Kadhalika, *nimepona* hudai kwamba ugonjwa umekwisha, ilhali *nimepata nafuu* na *naendelea na dawa* huacha mlango wazi. Kwa anayeamua kuhusu silaha, tofauti hizi si za mtindo tu.

Majina ya maradhi na jina la Mirembe

Ugumu mwingine umo katika msamiati. Katika mazungumzo ya kila siku, *ugonjwa wa akili* huelekea kueleweka kuwa *kichaa* au *wazimu*, yaani hali inayoonekana hadharani. Mtu mwenye *sonona*, istilahi iliyotokana na kitenzi cha kuhuzunika na kuumia moyoni, huenda asijihesabu humo. Akijibu "hapana" hakusudii kudanganya. Kwa upande mwingine, kifafa ni ugonjwa wa ubongo, lakini wagonjwa wake wengi nchini huhudumiwa katika kliniki za afya ya akili. Kauli "natibiwa kliniki ya akili" kwa hiyo haitoshi kuonesha mtu anaugua nini.

Dodoma huongeza jambo la pekee. Hospitali ya Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927, imekuwa taashira ya wazimu katika Kiswahili cha Tanzania: "apelekwe Mirembe" ni mzaha unaoeleweka hata kwa asiyewahi kufika huko. Kwa mkazi wa Dodoma, hata hivyo, Mirembe pia ni hospitali ya jirani, mahali pa kazi na pa kumjulia hali ndugu. Swali "Umewahi kwenda Mirembe?" huchanganya maana hizo mbili, na aibu ya ile ya kwanza humfanya mtu aikane ile ya pili.

Kiasi cha kusema

Miongoni mwa kanuni za ushirikiano zilizoelezwa na Grice mwaka 1975, mbili hugongana hapa: kusema kweli na kusema kiasi kinachotosha. Jibu la neno moja huweza kutimiza ya kwanza na kuivunja ya pili. Jibu lenye manufaa lina sehemu nne: ugonjwa kama daktari alivyoutaja, wakati ulipotokea, matibabu yaliyotolewa, na hali ya sasa. Asiyejua jina la ugonjwa wake hana sababu ya kubuni. Hueleza alipotibiwa na kuomba maelezo ya maandishi kutoka huko. Maelezo hayo yanastahili kumfikia mwenye mamlaka ya kuyapima, si kusomwa mkutanoni: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huhesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Hitimisho

Tangu marekebisho ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, maneno kama *timamu* na *umewahi* yamepata uzito zaidi kuliko ule wa mazungumzo ya kawaida. Swali la historia ya afya linapaswa kuulizia tukio, wakati na hali ya sasa kila kimoja peke yake, kwa majina ya maradhi badala ya majina ya watu au ya hospitali, na kuacha nafasi ya maelezo. Mwombaji hawezi kulaumiwa kwa kuficha jambo ambalo swali halikumuuliza. Wala jamii haiwezi kulindwa na jibu ambalo swali lenyewe limelipotosha.