Riwaya za kisayansi ni hazina ya msamiati wa Kiingereza

Katika shule nyingi humu nchini, mwanafunzi anayetaka kupanua msamiati wake wa Kiingereza huelekezwa njia moja tu: kukariri. Huandika orodha ya maneno magumu nyuma ya daftari, neno upande huu na maana upande ule, akayarudiarudia usiku kucha kama mtu anayesoma talasimu. Siku ya mtihani huyapachika katika insha yake bila kujali kama yanakaa vizuri. Mtahini asomapo huyaona yakielea juu ya sentensi kama mafuta juu ya maji. Muhula ukiisha, orodha imesahaulika, na mwanafunzi huanza nyingine.

Ipo njia iliyo bora zaidi, na kwa bahati njema ni njia ya furaha: kusoma hadithi za kubuni za kisayansi. Nazungumzia zile hadithi za safari za angani, za mashine zinazofikiri, na za watu wanaovuka karne kama mtu avukaye kivuko cha Likoni. Walimu wengi huzidharau, wakiziita porojo za kupotezea wakati. Dharau hiyo haina msingi, na inawagharimu wanafunzi wetu.

Kwanza tuutazame uzito wa jambo lenyewe. Katika mfumo wetu wa elimu, Kiingereza si somo tu. Ndicho chombo cha kufundishia takriban masomo yote kuanzia darasa la nne. Mwanafunzi asiyejua maana ya "evaporate" haanguki katika Kiingereza pekee. Huanguka pia katika sayansi na jiografia, ingawa tangu utotoni ameuona mvuke ukipanda kutoka kwenye sufuria ya mama yake na anajua fika maji yamekwenda wapi. Kutolijua neno huhesabiwa kuwa ni kutolijua jambo. Hapo ndipo mtoto mwerevu anapoitwa mjinga.

Je, orodha ya kukariri yaweza kumwokoa? Tupige hesabu. Paul Nation, mtaalamu wa New Zealand aliyetumia miaka mingi kuchunguza msamiati, alikadiria mwaka 2006 kwamba msomaji anahitaji jamii za maneno kati ya 8,000 na 9,000 ili asome riwaya ya Kiingereza bila kusaidiwa. Jamii moja ni neno pamoja na wazao wake, kama vile sisi tulivyo na "soma", "somo", "msomi" na "usomi". Sasa tumchukue mwanafunzi mwenye bidii anayekariri maneno 10 kila wiki, kwa wiki 39 za mwaka wa shule, kwa miaka minne ya sekondari. Hata asisahau hata moja, atakuwa amepata maneno 1,560. Ni dhahiri kwamba kwa mwendo huo hatafika.

Waliofika walifika kwa kusoma. Kuna utafiti mmoja ambao kila mwalimu wa lugha angefaa kuufahamu, na kwa kweli unahusu riwaya ya aina hii tunayoizungumzia. Mwaka 1962 Anthony Burgess, Mwingereza aliyewahi kuwa mwalimu huko Malaya, alichapisha "A Clockwork Orange", riwaya inayosawiri jamii ya wakati ujao. Vijana katika riwaya hiyo huzungumza kwa msimbo uliojaa maneno yaliyotokana na Kirusi. Mwaka 1978 Nation na wenzake walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya nayo. Waliwapa watu wazima kitabu hicho wakisome kwa raha zao, bila kamusi na bila kuambiwa kwamba watatahiniwa kuhusu maneno. Siku chache baadaye waliwauliza maana ya maneno 90 ya msimbo huo. Kwa wastani wasomaji hao walijua zaidi ya robo tatu yake, na hakuna aliyekuwa amewafundisha hata neno moja.

Sharti tuseme pia upande wa pili. Wasomaji hao walikuwa wenye Kiingereza chao. Mwaka 1989 watafiti wengine waliporudia jaribio hilo na watu wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili, waliosoma sura mbili tu, faida ilionekana lakini ilikuwa ndogo. Mafunzo ni mawili: msamiati huingia kwa kusoma, lakini hauingii kwa kusoma kurasa chache. Haba na haba hujaza kibaba, ila ni lazima haba ziwe nyingi. (Kitabu chenyewe, nahimiza, si cha watoto, kimejaa ukatili.)

Huenda msomaji akauliza: mbona hadithi za kisayansi, na si za mapenzi au za upelelezi? Sababu ni tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba katika hadithi hizi kila msomaji ni mgeni. Mwandishi anayetupeleka katika sayari asiyoijua mtu hana budi kutufafanulia vitu vyake kwa vitendo: chombo kinafunguliwaje, hewa inanukaje, kiumbe kile kinakula nini. Mwanafunzi wa Kitui na mwenzake wa London husimama mlangoni pamoja, wote wakibahatisha. Kubahatisha maana kutokana na muktadha ndiyo stadi hasa inayopimwa katika zoezi la kujaza mapengo ambalo watahiniwa wetu huliogopa. Anayesoma hadithi hizi hujaza mapengo kila ukurasa, wala hajui kwamba yumo mtihanini.

Sababu ya pili ni mizizi ya maneno. Msamiati wa sayansi wa Kiingereza umejengwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini, na vipande hivyo hurudiwa mno katika hadithi za anga. Anayekutana na "astronaut" akajua kwamba ni nyota na baharia, ameanza kuufungua mlango wa "astronomy" na "nautical". Anayejua kwamba "terra" ni ardhi hatababaishwa na "extraterrestrial", "territory" wala "terrain". Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana neema ambayo mara nyingi hatumwonyeshi. Lugha yake yenyewe huunda maneno kwa kuambisha: mtu, utu, kitu, jitu. Tangu utotoni amezoea kulivunja neno na kukitafuta kiini chake. Mwalimu amkumbushe tu kwamba ujuzi huo unafaa hata katika Kiingereza.

Sababu ya tatu ni kwamba maneno ya hadithi hizi ndiyo yale yale ya maabara na ya ramani: "orbit", "gravity", "hypothesis", "extinct", "inhabitants". Tofauti ni kwamba katika kitabu cha kiada neno hukaa kama maiti juu ya meza, ilhali katika hadithi lina damu. Mtoto akisoma kwamba hewa ya chombo itaisha baada ya saa moja, halisahau tena neno "oxygen".

Isitoshe, baadhi ya maneno tunayoyatumia leo yalizaliwa katika hadithi hizi hizi. "Robot" lilitokana na tamthilia ya Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, iliyochapishwa mwaka 1920. Alipendekezewa neno hilo na ndugu yake Josef, kutokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya kulazimishwa. Hivyo basi ndani ya neno hilo mna kilio cha mtwana. "Robotics" lilionekana kwanza katika hadithi ya Isaac Asimov ya mwaka 1941. Asimov huyo alizaliwa Urusi, akapelekwa Marekani mwaka 1923 akiwa mtoto mdogo, na lugha ya wazazi wake ilikuwa Kiyidi. Nalo "cyberspace" lilibuniwa na William Gibson mwaka 1982. Mwalimu akilisimulia neno hivi, kama anayesimulia nasaba ya ukoo, halitatoka kichwani mwa mwanafunzi.

Wapo watakaopinga wakisema: je, si hadithi hizi zimejaa maneno ya uongo yasiyo katika kamusi? Ni kweli. Katika "The Time Machine" ya H. G. Wells, ya mwaka 1895, msafiri hufika mwaka 802,701 na kukuta viumbe waitwao Eloi na Morlock. Lakini mwanafunzi hahitaji kufundishwa kwamba hayo ni majina ya kubuni. Anahitaji kufundishwa kuyatenga, na kutenga huko ni usomi. Kwa kila Morlock mmoja, yapo maneno mengi halali yanayomzunguka.

Tena hadithi hizi humfunza mwanafunzi jambo ambalo orodha haliwezi kumfunza: kwamba maneno hufuata maisha. Wells huyo huyo aliandika mwaka 1904 hadithi fupi iitwayo "The Country of the Blind". Mtu aitwaye Nunez anaporomoka milimani Andes na kuangukia bonde lililotengwa, ambamo vizazi kadhaa vya watu wamezaliwa vipofu. Anaikumbuka methali isemayo kwamba katika nchi ya vipofu mwenye chongo ni mfalme, naye ana macho mawili! Lakini hawezi kuwatawala, wala hawezi hata kujieleza, kwa sababu katika lugha yao maneno yote ya kuona yamekwisha kufa. Anaposema kwamba anaona, wao husikia upuuzi. Hatimaye waganga wao wanaamua kwamba macho yake ndiyo yanayoisumbua akili yake na yafaa kuondolewa. Mwanafunzi aliyewahi kukaa darasani akiwa na wazo zuri lakini bila neno la kulieleza atamwelewa Nunez bila kuhitaji maelezo ya mwalimu.

Sasa tuingie katika utekelezaji, maana ushauri usio na njia ni sawa na ngoma isiyo na kiwambo.

Kitabu kichaguliwe kwa kipimo. Watafiti wanakubaliana kwamba msomaji husoma kwa raha iwapo anayajua maneno 98 katika kila 100. Katika ukurasa wa maneno 250, hayo ni maneno matano yasiyojulikana. Mwanafunzi afungue ukurasa wowote wa katikati na ahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Vidole vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho kingoje. Asianze na Wells wa Kiingereza cha karne ya kumi na tisa. Aanze na matoleo yaliyorahisishwa, kisha hadithi fupi za Asimov, ambaye lugha yake ni nyepesi kama maji ya kisima. Baada ya hapo kuna Ray Bradbury na Arthur C. Clarke.

Kamusi isiwe mkononi wakati wa kusoma. Anayesimama kwa kila neno hupoteza hadithi, na akipoteza hadithi amepoteza sababu ya kuendelea. Asome hadi mwisho wa aya, abahatishe, aende. Neno likijitokeza mara ya tatu, ndipo aliandike, na aliandike pamoja na sentensi nzima iliyolibeba. Jioni achungulie kamusi aone kama alipatia. Kisha alitumie katika sentensi yake mwenyewe kabla ya wiki kwisha.

Mwalimu naye asome kwa sauti dakika kumi za mwisho wa kipindi, na akatize mahali pa hamu. Tukumbuke kwamba ndivyo bibi zetu walivyotusimulia, na hakuna aliyesinzia. Kuhusu gharama, ambayo ndiyo kisingizio chetu cha siku zote, Wells alifariki mwaka 1946, na sheria ya Kenya hulinda hakimiliki ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Hadithi zake zaweza kunakiliwa na kugawiwa darasa zima bila kumdhulumu mtu.

Yuko atakayenung'unika kwamba gazeti la Kiswahili linawanadia watu Kiingereza. Jibu ni kwamba anayezoea kusoma husoma lugha zote, na asiyesoma hasomi hata moja. Zaidi ya hayo, Kiswahili si mgeni katika anga. Mnamo tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka pwani yetu karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru, na hadi leo wanaastronomia wa dunia nzima hulitaja jina hilo. Katama Mkangi alituandikia "Walenisi" mwaka 1995, akampeleka Dzombo katika ulimwengu mwingine ili atuonyeshe huu wetu. Wanuri Kahiu alitengeneza filamu iitwayo "Pumzi" mwaka 2009. Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alikiita kitabu chake cha mwaka 2015 "Binti", na kikamletea tuzo kubwa za fani hii. Mwanafunzi anayesoma Asimov leo ndiye huenda akaandika kesho riwaya ya anga kwa Kiswahili.

Ushahidi wa mwisho unatoka Fiji. Kuanzia mwaka 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vya Kiingereza, vipatavyo 250 kwa kila darasa, katika shule za msingi za mashambani ambazo hazikuwa na vitabu vya kutosha. Baada ya miezi minane, watoto hao walikuwa wamepiga hatua katika usomaji mara mbili ya kasi ya kawaida, na mwaka uliofuata faida hiyo ilikuwa imeenea hadi katika uandishi na sarufi. Hawakuongezewa mtihani wala orodha. Waliongezewa vitabu, na muda wa kuvisoma.

Kipindi cha maktaba kimo katika ratiba za shule zetu nyingi. Aghalabu walimu wa masomo mengine hukiazima ili wamalizie silabasi, na hakirudishwi. Walimu wenzangu, tukirudisheni. Sanduku moja la vitabu na dakika arubaini kwa wiki ni mwanzo tosha.